Pumba Alizonitumia Baba

Baba yangu alichenjua dhahabu karibu utu uzima wake wote. Alianzia kwenye machimbo madogo ya upande wa Bulyanhulu, na hata tulipohamia Nyahanga, mjini Kahama, aliendelea kuletewa mchanga nyumbani. Aliukanda na zebaki kwenye karai, mikono mitupu, kisha akaichoma ile zebaki juu ya jiko la mkaa uani ili ibaki dhahabu peke yake. Sisi watoto tulicheza hapohapo.

Mimi nilisoma nikaishia kwenye maabara, Dar es Salaam. Kazi yetu ni bakteria waliobadilishwa vinasaba. Tunawalisha taka za shambani na sokoni, nao wanatoa asidi ya kutengenezea plastiki inayooza. Nilipomweleza baba kwa simu, alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo unafuga."

"Ndiyo, baba. Nafuga."

"Mifugo isiyoonekana! Inakula nini?"

Nikamwambia tunajaribu pumba za mpunga. Kahama pumba zimejaa kila penye mashine ya kukoboa. Wiki hiyohiyo akanitumia viroba kwa basi, na tangu hapo hakuacha. Kwa wenzake alijisifu kwamba binti yake ana zizi Dar.

Kisha simu zikaanza kutoka kwa mama. Baba hawezi kufunga vifungo vya shati. Baba amesahau njia ya kurudi kutoka sokoni. Baba, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, ametupa sahani ya ugali ukutani. Hospitali wakasema ni zebaki aliyoivuta miaka yote ile. Imeharibu mishipa ya fahamu, na figo zimechoka. Daktari alituambia kwa upole kwamba yaliyoharibika hayatarudi.

Nikaomba likizo, nikaenda. Nilibeba kichupa cha maji ya asidi yaliyotokana na pumba zake mwenyewe. Nilimkuta kitandani, amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mifugo haijambo?"

Nikamwonyesha kichupa. Mikono yake ilitetemeka mno, ikabidi nimshikie mimi. Akanusa. "Kama maziwa yaliyolala," akasema. Akakitazama, halafu akaniita kama alivyoniita nikiwa mdogo, "Ng'wana wane," yaani mwanangu. "Hawa wako wanakula taka wanatoa kitu cha maana. Wakiingizwa humu mwilini, hawawezi kuila hii zebaki?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akatoka.

Nilijua wapo wanaojaribu bakteria kwenye udongo na maji yenye zebaki. Kwa mwili wa mtu kama baba yangu hakukuwa na kitu cha namna hiyo.

"Hapana, baba," nikasema. Halafu neno likaniponyoka: "Bado."

Alilishika hilo neno. Kila aliyekuja kumwona aliambiwa, "Binti yangu anawaandaa wadudu wake. Bado kidogo tu." Majirani walinitazama kwa matumaini, nikainamisha kichwa. Siku moja, wageni walipoondoka, nilishindwa kuvumilia.

"Baba, hao wadudu hawapo. Hakuna dawa ninayoandaa."

"Najua, mama," akanijibu, macho yake juu ya dari. "Niache niseme."

Nikamwacha aseme. Alisema mpaka ulimi ulipokuwa mzito, na sisi tukaendelea kumwitikia.

Alifariki alasiri, mvua ikinyesha. Mama alikuwa anamfuta uso, mimi nimemshika miguu. Tukamzika kwao kijijini. Matanga hayajaisha, ukaingia ujumbe kutoka kazini: tangi kubwa limetoa asidi nzuri kuliko yoyote tuliyowahi kupata, hongera. Nilisoma nikazima simu. Ambaye angefurahi alikuwa kaburini.

Kabla ya kurudi Dar nilikwenda kuonana na kijana mmoja ambaye baba alimfundisha kuchenjua. Nilimweleza kila kitu: moshi, mikono, figo. Alinisikiliza kwa heshima, akiwa amevua kofia, maana naye alibeba jeneza.

"Dada, nimeelewa," akasema. "Lakini kesho watoto wangu watakula nini?"

Nilimwomba asichomee uani, watoto wasiwe karibu. Akaahidi. Sijui kama anatimiza. Mama bado anaishi Nyahanga, peke yake, na ninapompigia huwa hatuzungumzii kazi yangu.