Divai ya Mtungi Niliyoisifu Leo

Kama unakula, weka sahani kando kwanza.

Leo hotelini kwetu, mtaa wa Al Rigga huku ng'ambo, kulikuwa na wageni wanaoonja divai ya Georgia, ile ya kienyeji inayochachushwa kwenye mitungi iliyofukiwa ardhini. Madam, meneja wetu, anatafuta mhudumu mmoja wa kuandamana nao kuzuru mashamba ya mizabibu huko. Hiyo safari nimeililia.

Walipoondoka, Wafula, mpya kazini, akanijia na jagi.

"Onja, buda. Nimekuwekea."

Ilikuwa vuguvugu, ina ukungu na vijipande vijipande. Nikasema moyoni, ndiyo asili yenyewe.

Madam akiwa kando, nikafumba macho, nikaeleza ladha ya udongo, ya maganda, hata ya mikono ya wazee.

"Khalas, basi," akasema, "utaenda wewe."

Akatoka. Nikamuuliza Wafula chupa iko wapi.

"Chupa gani? Si nimeitoa kwa ile ndoo ya mezani? Wote walikuwa wanarudishia humo. Nikaichuja kama pombe ya busaa."

Wanarudishia. Kwa midomo, jamani. Waonjaji hutema.

Nimesukutua mpaka ulimi umekufa ganzi.

Na sasa hivi madam amepiga simu. Anataka nimbakishie kidogo, naye aonje.

Nishaurini, lakini upesi. Anapanda lifti.