Mshipi Mwekundu wa Halfani

Umoja wa Vijana ni nyumba ya vijana wote wa nchi hii, pasipo kubagua kabila wala ukoo. Kwa sababu hiyo, kijana yeyote asiye Mkristo atatoka leo hii. Umoja hautapungukiwa na kitu.

Ndivyo Mchungaji mpya alivyotangaza katika misheni moja karibu na Dodoma, Jumapili moja kabla ya Pasaka, miaka michache baada ya reli ya Mdachi kufika. Vijana waliitikia amina. Halfani naye aliitikia, kwa mazoea, kisha akashika bega lake.

Halfani alikuwa Mrangi wa Kolo, Mwislamu, mpiga ngoma wa Umoja. Dini yake haikuwa siri. Kila sikukuu yeye ndiye aliyechinja, kwa kuwa wageni wengi walikuwa Waislamu na Wagogo, wenyeji wa hapo, walikwishazoea hivyo. Kilichomtia hofu ni mshipi mwekundu wa Umoja aliovaa begani. Boma, yaani serikali ya Mdachi, lilikuwa limeagiza kwamba mwenye mshipi wa misheni asikamatwe kubeba mizigo ya serikali. Asiye nao alifungwa kamba shingoni akapelekwa njia ya Iringa, na si wote waliorudi.

Gideoni, mkubwa wa vijana, alimfuata nyuma ya kanisa.

"Mbukwa, Mrangi," alimsalimu kwa Kigogo.

"Usinisalimu kama mtu wa msibani. Umekuja kuuchukua?"

"Nimetumwa. Lakini sikiliza, ndugu yangu. Sema tu umeamini. Neno moja, mshipi unabaki."

"Mama yangu atasikia. Habari zitafika Kolo."

"Mama yako hatabebeshwa mzigo!"

"Gideoni, nikimdanganya Mungu wako, wangu ataniacha na wako hatanipokea. Nitabaki na nani huko njiani?"

Gideoni aliuchukua mshipi, akaukunja vizuri, kama nguo ya marehemu.

Halfani akashika njia ya Kondoa, kurudi kwao Kolo. Aliacha barabara akapita vichakani, akilala chini kila mbuzi alipokohoa. Jasho lilimtoka kuliko wakati wa kupiga ngoma. Alipotoka kichakani kutafuta maji, kisimani alikuwapo Abbasi, askari wa boma, na kamba yake.

"Abbasi, mimi na wewe tunasali safu moja kila Ijumaa."

"Ndiyo maana sikupigi," alisema Abbasi, akampima shingo.

Jumatatu ya Pasaka ikafika. Ng'ombe alikuwa amefungwa mtini, vyungu viko mekoni, na Akida, mtu wa pwani aliyekuwa sikio na fimbo ya boma, amekwishaketi na watu wake. Hapo ndipo Umoja ulipogundua kwamba hauna mchinjaji. Mchungaji alimpa Gideoni kisu. Gideoni alimtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama Gideoni, na haikujulikana nani ameogopa zaidi.

"Nani anachinja hapa?" Akida aliuliza.

Kumlisha Akida, Mwislamu, kibudu kisichochinjwa kwa sheria ya dini yake ni jambo la viboko.

"Yule wa Kolo, Bwana Akida," Gideoni alisema hatimaye.

"Yuko wapi?"

"Bomani. Kwenye kamba."

Abbasi akatumwa. Halfani aliletwa na kamba shingoni, bila kuambiwa neno. Aliona umati umezunguka, akamwona Gideoni katikati na kisu mkononi, akaanza kurudi nyuma. Ilibidi Abbasi amshike kwapa.

"Si wewe, mjinga," Abbasi alimnong'oneza. "Ng'ombe."

Halfani aliomba maji, akanawa, akaagiza ng'ombe alazwe kuelekea kibla, ambako kwa watu wa Dodoma ni upande uleule wa Kolo. Akatamka bismillahi, akachinja.

Gideoni akamwendea Mchungaji na mshipi mkononi. "Bwana, tumrudishie. Mbele ya Akida, waone."

"Kanuni ni kanuni, mwanangu," alisema Mchungaji kwa upole.

Akida alikuwa anasubiri supu. Hakuulizwa. Abbasi alikula, akajipangusa mikono majanini, akaivuta kamba. Halfani hakula. Aliondoka akigeuka nyuma nyuma, kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

Alirudi kutoka Iringa baada ya mavuno, bega moja limeshuka, na halikupanda tena maisha yake yote. Aliishi Kolo akilima karanga, akaoa, akawa anashtuka kila mtu alipokunja nguo mbele yake.

Mwaka uliofuata, Jumapili kabla ya Pasaka, tangazo lilisomwa tena neno kwa neno. Gideoni hakuwapo kulisikia. Mchungaji alikuwa amemtuma Kolo, kuuliza kama Halfani ana nafasi ya kuchinja Jumatatu ya Pasaka.