Chumba cha Mama Chini ya Tangi

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, tena wa sare za shule, na kama hujawahi kuishi na mtu wa aina hiyo hujui maana ya kukaguliwa. Ukimchambulia maharage anayachambua upya. Ukikunja shuka anaikunjua aone umeikunjaje. Kwa miaka kumi na tisa ameshona mbele ya duka la viatu, mguu kwenye pedali, mdomo umejaa pini, na kwa mdomo huohuo anaweza kukugombeza na ukaelewa kila neno. Nyumba yetu ilitoka kwenye pedali ile. Mimi ni mdogo wake. Namkatia vitambaa na kupeleka mizigo kwa wateja, na kumwogopa ni sehemu ya kazi.

Mkandarasi nilimleta mimi. Tulisoma naye, na tangu shule alikuwa na maneno matamu. Watu walimwita Pimamaji, kwa sababu ile pima maji yake ya njano hakuachana nayo hata harusini. Ataiweka juu ya meza ya watu, atakitazama kile kipovu, halafu atatikisa kichwa: "Hii meza imelala kushoto." Tunacheka. Nani angemshuku mtu anayeona hata meza iliyolala kushoto?

Dada alitaka dari la zege, siyo mabati, maana juu yake alikusudia kujenga chumba cha kushonea chenye madirisha mapana. Chini, upande wa kulia, kingekuwa chumba cha mama. Mama alipata kiharusi, miguu ikamkatalia, na kuinuka kitandani ni mpaka ashikwe na watu wawili.

Siku moja kabla ya kumwaga zege, dada alipanda ngazi kukagua nondo. Mambo ya nondo hayajui, lakini kuhesabu vipande anajua. Huko kwenye kazi yake, akihesabu vipande vya nguo, kila cha kumi hukifunga ukanda wa kitambaa ili hesabu isimpotee. Akafanya hivyohivyo kule juu. Kila nondo ya kumi aliifunga ukanda wa rangi ya damu ya mzee, mabaki ya sketi za shule.

"Mama, sasa unaivisha nyumba sare?" fundi mmoja akamtania.

"Mwacheni," Pimamaji akasema. "Huyu ndiye bosi."

Hesabu ikatimia kama ilivyokuwa kwenye mchoro. Dada akashuka ameridhika, na kumridhisha yule si mchezo. Tatizo ni kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile na wazazi walikuwa wamempangia foleni tangu alfajiri. Hakuweza kuja siku ya zege, akanituma mimi. Neno aliloniambia lilikuwa moja tu: "Usitoke."

Nilitoka. Kwenye saa tano asubuhi Pimamaji alinijia anafuta jasho.

"Dada yangu, vijana wana njaa. Zege halimwagwi na watu wenye njaa. Nenda kule stendi, chakula cha hapa jirani kitawaumiza matumbo."

Nikajiona mkarimu, nikaenda. Stendi ni mbali, na chakula cha watu wengi kiliningojesha. Niliporudi na masufuria yangu mawili, saa nne zilikuwa zimepita na zege limeshafunika kila kitu, limetulia, linang'aa. Mafundi wakala, wakanisifu. Jioni dada akaniuliza, "Ulikaa pale?" Nikamwambia, "Nilikaa." Niliona ni uongo mdogo wa kuepusha kelele.

Tukahamia baada ya miezi miwili. Tangi la maji la lita elfu mbili likapandishwa juu ya dari, upande wa chumba cha mama, kwa sababu bomba lilipita huko. Mama alilala chini yake akisifu hewa ya chumba. Dada alikuwa akipita anapapasa kuta kwa kiganja, kama anavyopapasa kitambaa kipya dukani.

Halafu, Jumanne moja, nilipeleka sweta kwenye shule fulani na kurudi nikikatiza kwenye kiwanja kinachojengwa. Rundo la nondo lilikuwa limelazwa chini, tayari kupandishwa. Kwenye moja niliona ukanda wa rangi ya damu ya mzee. Ulikuwa umejaa vumbi, lakini fundo lilikuwa la dada, lile analolipitisha mara mbili na kulivuta mpaka kitambaa kinalia. Wala siyo ukanda mmoja. Niliona mitatu kabla sijaacha kutazama.

"Unatafuta mtu, dada?" fundi mmoja akaniuliza.

"Nondo hizi ni za nani?"

"Za Pimamaji. Hizi zimetembea kuliko mimi!" akacheka. "Tajiri akishazikagua tu..." Hapo akainama kuchukua koleo.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mama alikuwa amesinzia, mdomo wazi kidogo. Nikainua macho. Juu ya dirisha kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi, unaotoka kwenye pembe na kuingia katikati ya dari. Labda ulikuwepo siku zote. Labda ulikuwa wa asubuhi ile. Nilikaa chini ya ule ufa, nikielewa kwamba nondo alizozihesabu dada zilitolewa wakati mimi nachagua chakula stendi, na kwamba kinachomzuia mama asifunikwe ni mchanga na saruji na bahati.

Nilipaswa kusema saa ileile. Lakini kusema habari ya nondo ni kusema habari ya masufuria, na "nilikaa" yangu ingetoka hadharani. Nikajipa mpaka jioni. Jioni nikajipa mpaka kesho.

Badala ya kusema, nikaanza kupigana na tangi. Nilifungua bomba la uani, nikaacha maji yaende kwenye mboga za jirani mpaka tangi likawa tupu. Jirani akanishukuru sana, Mungu anisamehe. Dada aliporudi ilikuwa vita.

"Maji yanaenda wapi nyumba hii? Si limejaa jana?"

"Labda bomba linavuja."

Akaleta fundi bomba, fundi bomba hakuona kitu, tangi likajazwa tena. Nikasikia maji yanapanda ukutani na kuanguka juu yetu, yanazidi, yanazidi. Nikakaa kitandani kwa mama na kumkumbatia, mgongo wangu juu yake, sijui nilidhani mgongo ungezuia nini.

"Siku hizi unanipenda sana wewe," mama akasema. "Kulikoni? Una mimba?"

Nilicheka ili nisilie. Kila lori lililopita barabarani lilitikisa kioo cha dirisha, na mimi nikatazama ufa. Alhamisi, tukinywa chai, dada akatangaza kwa furaha kwamba tofali za chumba cha juu zinakuja kesho, elfu moja na mia tano, na zitapandishwa zote. Pimamaji angekuja mchana ule kupima.

Akaja kweli, shati safi, pima maji mfukoni. Alisimama uani, akasema vipimo vya juu anavyo tangu zamani, hana haja ya kupanda. Mama akamsikia.

"Huyo si fundi wetu? Mwambieni aje nimsalimie!"

Pimamaji akasogea mpaka kwenye mlango wa chumba, akasimama hapo hapo kizingitini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia basi. Mbona unanisalimia kama mtu wa kudai kodi?"

"Viatu vina tope, mama."

"Vivue," dada akasema. Akaweka kiti katikati ya chumba na kikombe cha chai juu ya stuli. "Kaa unywe. Tuna maongezi marefu leo."

"Nina haraka kidogo, bosi. Nipe hapa hapa." Akanyoosha mkono kukipokea kikombe. Mkono tu ndio ulioingia. Na macho yake, mara moja, haraka sana, yakapanda darini upande wa ule ufa.

Mimi niliyaona. Nikajua kwamba anajua, na kwamba hata kwa kikombe kimoja cha chai hawezi kukaa pale anapolala mama yangu. Maneno yakanitoka yote kwa mkupuo: ukanda, rundo la nondo, stendi, masufuria, uongo. Mama akatutazama mmoja mmoja, haelewi. Pimamaji akaanza, "Bosi, sikiliza, hayo ni maneno ya..."

Dada hakumwachia amalize. "Ingia," akamwambia taratibu. "Kama ni uongo, ingia ukae kwenye hicho kiti."

Akarudi nyuma hatua moja. Halafu ya pili. Tukasikia geti.

Dada hakumfuata wala hakupiga kelele. Aliingiza mikono yake kwapani kwa mama, mimi nikashika miguu, tukamwinua pamoja na blanketi lake. Katikati ya mlango, akitembea kinyumenyume, akaniuliza bila kunitazama:

"Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

"Siku tatu. Siku tatu umemwacha mama analala hapa."

"Niliogopa, dada."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Alisimama. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Macho yake yalijaa maji, na yule ni mtu ambaye sijawahi kumwona akilia.

"Shika miguu vizuri," akasema, na tukamtoa mama nje.