Nusu Kifuniko

Je, ni mimi niliyewaletea watoto wale ugonjwa? Swali hilo lilininyima usingizi siku nne, ingawa jibu nilikuwa nalo tangu ya kwanza.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na mradi mdogo wa mtaa wa Kawempe ukanipa tangi moja la maji ya chemchemi nilisimamie. Muuzaji alikuwa mama mjane kutoka Kongo. Kila asubuhi alitia kifuniko kimoja cha klorini, akasubiri nusu saa, ndipo akafungua bomba. Wateja walisema maji yananuka mochari. Wakabeba madumu yao hadi kwenye chemchemi yenyewe, chini ya vyoo. Mama akaniuliza afanyeje. Niliogopa mradi utafungwa, nikamwambia atie nusu kifuniko. Sikupima. Wateja wakarudi, wakayasifu maji.

Wiki ya pili watoto watatu wakaanza kuhara, mmoja akalazwa na kutundikiwa dripu. Ndipo nikapima. Ukitia kidonge cha kupimia, maji yenye klorini ya kutosha hugeuka rangi ya waridi. Yale yalibaki meupe.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano pale pale tangini. Mimi sikuulizwa kitu. Mmoja alisema Wakongo wamezoea kunywa mto. Mwingine akasema klorini yetu mama anafulia, ndiyo maana kitenge chake kinang'aa. Watu wakacheka. Nami nikatabasamu, kwa woga. Mama alinitazama, asinitaje. Wakamnyang'anya ufunguo wa bomba, wakampa mpwa wa mwenyekiti.

Siku ya nne nilikwenda chumbani kwake kumwomba msamaha. Hakuacha kukunja nguo.

“Mwana yangu, unaniomba msamaha huku ndani? Mimi walinitukana kule nje.”

Nilirudi tangini. Foleni ilikuwa ndefu, na mpwa alikuwa akitia nusu kifuniko kilekile, kwa kuwa wateja walikipenda. Nikasema kwa sauti kwamba agizo lile lilikuwa langu, si la mama, na kwamba maji haya bado yanaumiza watoto.

“Nyabo, bibie, nenda ukapumzike,” akaniambia mwenyekiti, aliyekuwa amesimama kando ya mpwawe. “Mtu aliyesoma hawezi kuwa mjinga hivyo.”

Foleni nzima ikacheka. Nikainama, nikafungua koki ya chini, na maji yote yakaanza kumwagika matopeni mbele ya madumu yao. Mwanamke mmoja akanipiga mgongoni kwa dumu tupu, kisha mwingine. Sikuifunga mpaka tangi likakauka.