Simu ya Pazia

Jumamosi nilikaa nyuma ya jukwaa la ukumbi mdogo pale Igogo. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, na kikundi cha maigizo kilikuwa kimepata simu za ndani za mtumba, za kuongea kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Mfalme alipokufa mchezoni, binti aliyesimamia mchezo alinong'ona simuni: “Funga pazia!”

Mzee mwenye kazi ya kuvuta pazia akajibu kutoka upande wa pili: “Nani huyo asiyesalimia?”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mama amepona mguu?”

“Amepona. Pazia, mzee!”

“Na baba je?”

Binti alikaribia kulia. Jukwaani, marehemu alichoka kubana pumzi, akainuka, akajikung'uta vumbi na kuvuta pazia mwenyewe. Watazamaji walishangilia kuliko walivyoshangilia vita vyote alivyoshinda.

Simuni mzee akauliza kwa upole: “Haya mwanangu, ulikuwa unasemaje?”