Kidole cha Kevo

Kuna jambo sikumwambia mtu yeyote hadi jana: kidole cha Kevo kilisogea. Kile kikubwa, mguu wa kushoto. Nilikiona mimi peke yangu.

Tangu Jumanne watu wananiuliza kama ni kweli Kevo wetu wa Tassia ametuacha. Ni kweli. Ila mimi nikipita bado namtafuta dirishani.

Kwa wasiomjua, alikuwa jirani yetu. Alimaliza Form Four, akaingia kazi ya mjengo, na mwaka jana akaanguka kutoka juu. Aliumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu.

Hospitalini daktari alisema injury ni "incomplete". Mama Kevo akaanza kulia hapo hapo. Kwake hilo lilikuwa neno la wino mwekundu, lile walimu waliloandika kwenye homework ya Kevo miaka yote. Alidhani daktari anasema mwanawe hajakamilika.

Mimi huwa siongei mbele ya watu, lakini hayo nilikuwa nimeyasoma. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni habari afadhali. Uti haujakatika wote. Kuna nyaya ambazo huenda bado zinapitisha stima.

Daktari akakubali, ila akasema hawezi kuahidi kutembea. Kuna wanaorudisha mengi, kuna wanaorudisha kidogo, na itabidi tungoje tuone.

Kevo akaniambia kutoka kitandani, "Basi Prof, mimi sasa ni homework yako."

Walihamia nyumba ya chini kwa sababu ya wheelchair. Nikitoka shule tulifanya mazoezi ya physio, halafu matembezi. Yeye alifumba macho, mimi nikasimulia njia.

Tulipanda ngazi hadi juu ya flat, tukapita katikati ya shuka mbichi zinazopepea, zikatugusa uso. Tulienda hadi mtaa wa Tena bila kuchoka. Siku nyingine hatukushuka kabisa, tulitoka paa moja hadi lingine, na mtaa wote ulikuwa kimya chini yetu.

Nikienda mbio alinikataza. "Polepole, Prof. Hapo kuna maji."

Watu walimuuliza tu atasimama lini. Hakuna aliyeuliza kuhusu siku aliyokaa bila kushikiliwa, au alipojihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye wheelchair, au alipohisi joto la maji juu ya goti. Aliniambia hiyo nayo ni kupona.

Halafu ile Jumamosi alasiri. Physio alikuwa ametueleza kwamba mguu unaweza kuruka wenyewe tu. Tofauti ni kama unatii. Kwa hiyo Kevo aliniomba nimwambie wakati wa kujaribu kidole.

Nikasema, "Sasa."

"Poa," akajibu, akicheka, kama watu wanaosalimiana kwa gate.

Na kidole kikasogea. Kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini.

Nilitaka kumwita mama yake. Akanishika mkono.

"Usimwambie mathe. Yeye atasikia kidole, kanisa litasikia mguu. Jioni watakuja na ngoma wanione nikisimama. Wacha nikipate tena kwanza."

Tulijaribu kila alasiri. Hakikurudi. Kisha akapata kidonda cha kukaa, kikaingia uchafu, ukafika kwenye damu. Akarudishwa hospitalini, na safari hii hakutoka.

Sijui kama angetembea. Nimesoma kila nilichopata na bado sijui. Najua tu kwamba siku moja alituma neno chini kule, na kule kukaitika.

Kevo, leo hakuna mazoezi. Pumzisha mgongo. Matembezi yetu nitaendelea nayo, na penye maji nitapita polepole.

Jana nilibisha kwenu. Mama yako alikuwa anakunja shuka zako. Nikamwambia.

Akauliza ni kidole gani. Nikavua kiatu cha shule na soksi, nikamwonyesha kwenye mguu wangu. Akapiga magoti, akakishika.

"Ulimwambia vipi, mwanangu?"

Nikasema, "Sasa," nikakisogeza mkononi mwake.

Kisha nikavaa kiatu, nikamsaidia kumalizia shuka.