Angwenyi Wawili kwenye Mlango Mmoja

Walter alipozikwa, watu walimngoja Tryphosa Nyamoita alie. Walingoja hadi wakachoka. Wengine walikuwa wametoka Nyamache, wengine Nyacheki, wengine Ikonge kule mbali, na mjane akakaa mkekani kama mtu anayesubiri kuitwa jina ofisini. Mwanamke mmoja alimfinya paja, kwa nia njema tu, kumsaidia. Tryphosa alimtazama, akamwuliza kama amekwisha kunywa chai.

Lori la majani ya chai lilikuwa limepinduka kwenye mteremko, Februari ya 1975, na Walter alikuwa ameketi juu ya magunia. Zaidi ya hapo hakukuwa na la kueleza. Miezi ikapita. Tryphosa aliamka, alifagia, alikula alichopewa. Mwili wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, lakini ukiugusa haukujibu.

Mwezi wa nne baba mkwe wake, Mzee Jethro Angwenyi, alimtafutia kazi ya ukarani katika chuo cha ufundi. Alikuwa na haki ya kuomba. Chuo kile cha harambee kilisimama juu ya ekari tatu alizozitoa yeye bure, pale wakulima wenzake walipokubali kukatwa senti kadhaa katika kila kilo ya chai ili vijana wao wajifunze useremala na uashi. Alizitoa kwa kuwa Walter angefundisha pale. Walter akaishia kupima chai, wala hakuwahi kushika chaki, lakini Mzee hakulidai shamba. Alikubali kuwa mlinda lango na mchota maji wa chuo, na kila asubuhi alilifungua lile lango taratibu, kwa mikono miwili, kama anayefungua boma lake mwenyewe. Aliyemjua alijua kwamba lango lile ndilo lililokuwa likimwamsha tangu mwanawe afe.

Tryphosa alikuwa amejifunza kupiga chapa mjini Kisii kabla ya kuolewa. Walipomweka mbele ya taipureta, vidole vilienda vyenyewe. Ilimfaa kazi hiyo. Maneno ya watu wengine yalipita mikononi mwake yakatoka upande wa pili, na yeye hakuhitajika.

Ndivyo alivyokosea.

Mwezi wa saba ilikuja barua kutoka Kisumu. Kipindupindu kilikuwa kimetapakaa vijiji vya ziwani na sasa kilisemekana kinapanda milima. Serikali ilikuwa tayari kukipa chuo ruzuku, paa la karakana na mishahara ya walimu wawili, lakini haingetoa hata shilingi kabla Afisa wa Afya hajakagua na kutia sahihi. Pamoja na barua kulikuwa na kurasa tatu za mwongozo. Maji yachemshwe. Vyombo vianikwe juani. Kila mfanyakazi awe na choo ndani ya uzio wa chuo, na mlangoni yabandikwe majina ya wanaokitumia, kwa mpangilio wa herufi, kuanzia jina la ukoo. Atakayeonekana kwenda vichakani afukuzwe siku hiyohiyo.

Mkuu wa chuo, Bwana Eliakim Ondieki, alisoma kwa sauti huku akitembeatembea, na Tryphosa akapiga chapa. Wanafunzi wote walikuwa wavulana na walikuwa na choo chao. Wafanyakazi walikuwa wanane, na choo chao kilikuwa kimoja. Alipomaliza orodha, mkuu aliitazama juujuu, akaitia sahihi, nakala moja ikapelekwa wilayani, nyingine ikagongomelewa misumari mlangoni.

Juu kabisa ya orodha ilisomeka hivi:

Angwenyi J.
Angwenyi T.

Aliyeiona kwanza ni Nyanchera, mpishi, mwanamke mnene mwenye ulimi usiojua Sabato. Alikuja ofisini akifuta mikono kwa aproni.

"Wee Tryphosa. Hebu niambie. Umeingia kile choo?"

"Sijawahi. Mimi huvuka uzio nikaenda nyumbani."

"Haya. Basi nani amekuandika pale na baba yenu, mmefuatana kama mguu na kiatu?"

Tryphosa aliiona orodha kichwani mwake, herufi kwa herufi. Aliona vidole vyake vikiipiga.

"Ni mimi," akasema.

"Mungu wangu. Wanafunzi wanacheka mpaka wanashika ukuta. Kuna mmoja anauliza eti nani huanza asubuhi."

Msomaji wa mbali huenda asione kosa liko wapi. Kwa Wagusii baba mkwe na mke wa mwanawe huishi kwa chinsoni, zile aibu za heshima. Hawagusani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawaingiliani mahali pa kulala. Na choo kimoja hawachangii hata kama nyumba inaungua. Tryphosa hakuwa amekanyaga mlango ule, lakini hilo halikusaidia kitu. Karatasi ilikuwa imesema, tena kwa sahihi na mhuri.

Alimwendea mkuu.

"Mwalimu, tunaweza kulitoa jina langu?"

Bwana Ondieki alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona, na alikuwa amesikia vicheko. "Nikikutoa, Bwana Afya ataniuliza karani wangu anakwenda wapi. Nikisema nyumbani, atanionyesha mwongozo: ndani ya uzio. Nikisema tuchimbe kingine, ataniuliza kwa fedha gani. Na nakala iko wilayani. Vumilia wiki tatu, mama. Akishatia sahihi tutaichana."

Kuvumilia kwake hakukuwa kazi. Hakuhisi chochote. Lakini kesho yake, alipokuwa akifungua dirisha la ofisi, alimwona Mzee akishuka kwenye migomba iliyo chini ya karakana, jembe begani. Hakukuwa na cha kulima kule. Alirudi baada ya muda mfupi, akalisugua jembe kwa majani, akaliegemeza nyuma ya lango. Keshokutwa akashuka tena. Alikuwa akienda kuchimba na kufukia kama babu zake, kwa kuwa hangeweza kuingia mlango wenye jina la mke wa mwanawe. Na migomba ile ilikuwa juu ya chemchemi.

Hapo Tryphosa alielewa mambo yote kwa mara moja, baridi tu, kama mtu anayesoma tangazo la mnada wa nyumba isiyo yake. Bwana Afya angekuja. Angeona. Mzee angefukuzwa kwenye lango lililo juu ya shamba lake mwenyewe, na ruzuku ingekwenda pamoja naye.

Na yeye asingeweza kumwonya. Aibu ileile iliyompeleka Mzee migombani ilimfunga Tryphosa mdomo. Mkamwana hamtajii baba mkwe wake mambo ya choo. Jioni alimwendea mama mkwe wake, Gesare, aliyekuwa akipepeta wimbi nje ya jiko.

"Mama, Bwana Afya anakuja Jumanne."

"Nimesikia."

"Baba asishuke migombani."

Gesare aliendelea kupepeta. "Nimwambie mimi? Ataniuliza basi aende wapi. Nimjibu nini? Ataniuliza tena nani aliandika."

"Niliandika mimi, mama."

"Najua. Kwani ile mashine haina macho?"

"Haina, mama."

"Na wewe?"

Tryphosa alitazama makapi yakipeperuka. Gesare akaweka ungo chini, akashusha sauti.

"Mwanangu, mimi sikukasirikii. Lakini yule mzee hajala vizuri tangu siku ile. Lango likimtoka, tutamzika pembeni ya Walter kabla ya mvua za Novemba. Hilo ndilo ninalolijua. Ya choo mtajuana na serikali."

Jumanne Bwana Afya alifika kwa pikipiki, kijana wa ziwani aitwaye Fred Odera, kofia kubwa, kicheko karibu. Alianza jikoni.

"Mama, haya maji umeyachemsha, au umeyatisha tu?"

"Yamechemka mpaka yameomba msamaha," Nyanchera akajibu. "Onja, kama ulimi ni wako."

Alicheka, akaandika. Alitazama vyombo, akaandika. Bwana Ondieki alimfuata nyuma akijipangusa paji la uso, na Tryphosa akafuata na faili, kama alivyoagizwa. Walipofika kwenye choo cha wafanyakazi, Mzee Jethro alikuwa hapo akijaza pipa la kunawia. Hakuwa na njia ya kuondoka bila kuonekana anaondoka, kwa hiyo alibaki na ndoo yake, ameupa mlango mgongo.

Fred Odera alisoma orodha kwa kidole. "Vizuri. Kwa herufi, kama tulivyosema. Angwenyi na Angwenyi." Akageuka akitabasamu. "Hawa ni bwana na bibi?"

Ndoo ya Mzee iliacha kumimina. Nyanchera, aliyekuwa amewafuata kwa umbea, alijiziba mdomo kwa aproni. Bwana Ondieki alikohoa, kikohozi kikakataa kwisha.

"Ni baba wa mume wangu," Tryphosa alisema. "Mume wangu alikufa."

Tabasamu la yule kijana lilipotea. Alivua kofia. "Pole, mama. Pole, mzee. Hata kwetu jambo hili halifanyiki." Alisimama na kalamu yake, haijui pa kwenda. Lakini serikali ilikuwa imemtuma, na mwongozo ulikuwa mkononi. Akauliza polepole, macho chini: "Sasa, mzee wangu. Wewe unatumia choo gani?"

Mzee Jethro aligeuka. Alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, hata wa kumfurahisha mgeni.

"Kijana," alisema, "usiniulize hivyo. Jibu ninalo, na nikilitoa litafunga chuo."

Bwana Afya alitazama migomba, kisha jembe lililoegemea lango, kisha karatasi yake. Tryphosa alimwona akianza kuelewa.

Tryphosa akanyoosha mkono, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la Bwana Ondieki. Hakujua angefanya hivyo mpaka alipoona kalamu iko mkononi. Akakaribia mlango, akapiga mstari juu ya jina la pili. Wino ulikwama kwenye ufa wa mbao, akarudia.

"Huyu hayupo," alisema.

"Nani?"

"Angwenyi T. Ameacha kazi."

"Lini, mama?"

"Saa hii."

Fred Odera alirudisha kofia kichwani, akamgeukia Mzee kwa heshima kubwa.

"Wafanyakazi ni saba. Choo kimoja chatosha watu saba. Mzee, nikuandike hiki?"

Mzee Jethro aliutazama ule mstari wa wino.

"Niandike," alisema.

Sahihi ikatiwa palepale, juu ya kiti cha pikipiki. Tryphosa alimkabidhi mkuu faili na kalamu yake, akavuka uzio, akaenda nyumbani.

Alirudi kuchuma chai shambani. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Vidole vilijua hata hiyo. Ng'ambo ya uzio alimsikia Bwana Ondieki akipiga taipureta kwa kidole kimoja, ta, halafu kimya kirefu, halafu ta, kama mtu anayepigilia msumari gizani. Hakujuta wala hakujisifu. Mzee alipopita njiani Tryphosa alisogea kando kama siku zote, naye Mzee akatazama pembeni kama siku zote, na lango likafunguliwa kila asubuhi kwa mikono miwili.

Lakini Jumapili iliyofuata, Sabato yao ya Jumamosi ikiwa imekwisha, Mzee hakwenda kutembelea ndugu zake. Alichukua jembe na sururu, akaingia chuoni, upande wa juu kabisa, mbali na chemchemi na mbali na choo kile kingine. Jumapili ya pili akaenda tena. Wanafunzi wa uashi walimwona kifua hakionekani tena, kimebaki kichwa, wakaenda kumpokea udongo. Wa useremala wakatafuta mbao zilizobaki. Ruzuku ilipofika, paa la karakana likapata mabati, na mabati manne yaliyokunjika pembe yakafunika kibanda kile kipya.

Siku hiyo jioni Gesare alimkuta Tryphosa jikoni, akasema bila kumtazama, kama mtu aliyebeba ujumbe usio wake:

"Baba yenu anasema shimo limefika futi kumi na tano. Anasema mkuu anapiga mashine kama kuku anayedonoa, na barua za chuo zinachekwa huko Kisumu. Karani arudi."

"Nimesikia, mama."

Alirudi Jumatatu. Kazi ya kwanza ilikuwa ya mwongozo: kila choo na orodha yake. Aliweka karatasi kwenye mashine. Safari hii alitazama vidole vyake vikitafuta kila herufi, na vilipomaliza hakukuwa na mstari wa pili. Akachukua nyundo na misumari, akapanda peke yake hadi juu, akaibandika mlangoni.

Angwenyi T.

Alisimama akaisoma. Lilikuwa jina la Walter. Alikuwa amelipiga chapa miezi mitatu, kwenye barua, kwenye orodha za mishahara, na hakuwa ameliona. Sasa lilikaa katikati ya karatasi nyeupe, halina mtu juu yake wala chini yake.

Alingoja. Huenda sasa, aliwaza. Upepo wa asubuhi ulipita kwenye migomba, kengele ya somo la kwanza ikagongwa, chini kule Mzee akaanza kumimina maji kwenye pipa. Macho yake yalibaki makavu. Kidole gumba tu ndicho kilichomuuma, pale nyundo ilipokigonga, nacho akakiweka kinywani, akakinyonya kama mtoto, akasimama hapo mpaka maumivu yakapungua.

Kisha akashuka ofisini. Kulikuwa na barua ya kuishukuru wizara.